Mwongozo kamili: kuifanya tovuti ya wakala wa ziara ionekane Google hata kama maelezo ni ya kunakili

Ujumbe huu naupata kutoka kwa mawakala wa ziara wa Zanzibar, wa Mji Mkongwe, wa Nungwi, wa Paje, na sasa wa Chake Chake: "Tovuti ina mwaka wa pili. Nikiandika jina la ofisi inatoka. Nikiandika ziara ya kisiwa cha Changuu haimo." Huwa naifungua, nachukua sentensi moja ya maelezo na kuitafuta Google ndani ya alama za kunukuu. Zinatoka tovuti kumi na zaidi zenye sentensi hiyo hiyo, pamoja na kosa lake la tahajia.

Si ajabu. Wakala hana boti wala shamba. Anauza ziara ya mwenye boti na mwenye shamba, na siku alipoanza alipewa faili la Word lenye maelezo na picha. Wenzake walipewa faili hilo hilo. Viator na GetYourGuide, tovuti kubwa za kuuza ziara za dunia nzima, nao wanauza ziara za Changuu na msitu wa Jozani, na majina yao ni makubwa kuliko letu.

Kabla hujagusa kitu, elewa jambo moja. Google haikuadhibu kwa sababu tu maelezo yako yanafanana na ya mwengine. Inazikusanya kurasa zinazofanana, inachagua mmoja wa kuonyesha, na nyengine inaziweka nyuma. Kwa hiyo usihangaike kuficha kwamba ulinakili. Tafuta sababu ya ukurasa wako kuchaguliwa. Kubadilisha "nzuri" ikawa "ya kupendeza" si sababu. Kuiambia ChatGPT ikuandikie maelezo arobaini kwa usiku mmoja nako si sababu, na huko ndiko adhabu iliko: tangu Machi 2024 sera za Google dhidi ya taka zinataja kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila kumfaa msomaji, ziwe za mtu au za mashine. Zinataja pia kurasa za wauzaji wa kati walionakili maelezo ya mwenye bidhaa bila kuongeza chochote chao.

Katika mwongozo huu nitasema "linki", kwa sababu kwetu viungo ni vile vya mashamba ya Kizimbani na Kindichi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Akaunti ya Google Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha inavyoiona tovuti yako, iliyothibitishwa kwa tovuti yako. Ni bure. Bila hiyo unafanya kazi gizani.
- Nywila ya kuingia ndani ya tovuti. Kama aliyekutengenezea hajakupa, anza na hilo leo.
- Plagini ya SEO, yaani ya kuisaidia tovuti ionekane kwenye matokeo ya utafutaji, kama unatumia WordPress. Yoast au Rank Math inatosha, moja tu.
- Jedwali tupu, la Excel au la Google.
- Simu yenye mazungumzo yako ya WhatsApp na wageni ya miezi sita iliyopita. Usiyafute! Ndiyo mali kubwa kuliko zote katika orodha hii.
- Namba ya nahodha na ya mtembeza wageni unaofanya nao kazi.
- Siku nne hadi tano za kazi kwa kurasa tano za mwanzo.

## Hatua ya 1: Hesabu kurasa zako

Fungua Search Console, nenda kwenye ripoti ya kurasa. Utaona zilizomo kwenye faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuzionyesha, na zisizomo, kila kundi na sababu yake. Ziandike zote kwenye jedwali: anwani ya ukurasa, imo au haimo, sababu, na mibofyo ya miezi mitatu kutoka ripoti ya utendaji.

Sababu za kuziangalia kwa makini ni mbili. Moja inasema ukurasa ni nakala na Google imechagua kanoniki nyengine, yaani imeona ukurasa mwengine ndio wa asili. Ya pili inasema ukurasa umetembelewa lakini haukuwekwa kwenye faharasa. Hii ya pili mara nyingi ina maana Google imeusoma na haikuona haja ya kuuweka.

Umefanikiwa ukiona: jedwali lina idadi halisi. Wakala mmoja aliniambia ana ziara 18. Jedwali lilitoa anwani 140. Hiyo tofauti ndiyo hatua ya pili na ya tatu.

## Hatua ya 2: Tenganisha nakala za ndani na za nje

Nakala ya nje ni maneno yako yakiwa kwenye tovuti ya mwengine. Ya ndani ni tovuti yako kujinakili yenyewe. Watu hulia na ya nje wakasahau ya ndani, na ya ndani unaimaliza kwa siku moja bila kumwomba mtu.

Kwa nakala za nje: chukua sentensi ndefu kutoka katikati ya kila ukurasa, itafute kwenye alama za kunukuu, andika ni tovuti ngapi zinatoka. Usichukue sentensi ya kwanza, maana hiyo ndiyo watu huibadilisha wakaacha nyengine.

Kwa nakala za ndani, angalia haya:

- Ukurasa unaofunguka kwa http na kwa https, kwa www na bila www.
- Anwani zenye mkia wa kubadilisha sarafu, wa kupanga kwa bei, au wa fbclid unaowekwa na Facebook mtu akibofya linki yako huko.
- Ziara moja yenye kurasa mbili, "Changuu nusu siku" na "Changuu asubuhi", zenye maelezo yale yale.
- Aya ndefu zinazorudiwa kila ukurasa: viza, masharti ya kughairi, bima ya lazima ya wageni ya dola 44 iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024.

Hiyo ya mwisho ni ya kuangalia sana. Niliwahi kupima ukurasa wa ziara ya mashamba ya viungo ambao maneno ya ziara yenyewe yalikuwa mistari sita na ya bima, viza na malipo yakawa ishirini na tano. Kurasa zote 18 zilikuwa hivyo. Google ilikuwa inaona ukurasa mmoja mara 18.

## Hatua ya 3: Safisha ndani

Fanya kwa mpangilio huu.

Kwanza, chagua anwani moja ya tovuti. Kwa mfano https bila www. Nyengine zote zielekezwe hapo kwa uhamisho wa kudumu, yaani 301. Ukiandika anwani ya zamani kwenye kivinjari, ikupeleke kwenye mpya yenyewe.

Pili, weka alama ya kanoniki, inayoiambia Google ukurasa upi ndio wa asili. Kila ukurasa ujitaje wenyewe, na anwani zenye mikia zitaje ukurasa safi. Ndani ya kichwa cha ukurasa huonekana hivi:

`<link rel="canonical" href="https://tovuti-yako/ziara/changuu/" />`

Plagini huiweka yenyewe, lakini hakikisha. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, tafuta neno canonical.

Hapa pana kosa lililowahi kunitoa jasho. Tovuti ya mteja ilikuwa na plagini mbili za SEO, na template ilikuwa na alama yake. Kurasa zote za ziara zilikuwa zinataja ukurasa wa nyumbani kuwa ndio kanoniki. Kwa maneno mengine, kila ukurasa ulikuwa unaiambia Google: "mimi si kitu, nenda nyumbani." Hakuna maelezo mazuri yatakayookoa tovuti ya namna hiyo. Kagua ukurasa mmoja mmoja, usikague mmoja ukakisia nyengine.

Jua pia kwamba kanoniki ni pendekezo, si amri. Google inaweza kuikataa ikiona kurasa mbili hazifanani, au linki zako za ndani zinaelekeza kwengine.

Tatu, unganisha kurasa pacha. "Changuu nusu siku" na "Changuu asubuhi" ziwe ukurasa mmoja wenye chaguo mbili za saa. Uliofutwa uelekezwe kwa 301 kwenye uliobaki.

Nne, toa aya za kurudia. Bima, viza, kughairi: kila kimoja kipate ukurasa wake mmoja ulioandikwa vizuri, na kwenye kurasa za ziara ibaki sentensi moja na linki.

Onyo: usizuie kurasa za nakala kwa faili la robots.txt ukidhani umeziondoa. Faili hilo linaizuia Google kusoma ukurasa. Ikizuiwa kusoma, haitaiona kanoniki wala noindex (alama ya kuiambia Google isiuweke ukurasa kwenye faharasa) uliyoweka ndani yake, na anwani inaweza kubaki kwenye matokeo bila maelezo. Vilevile usiweke noindex na kanoniki ya kwenda kwengine kwenye ukurasa mmoja; ni maagizo mawili yanayopingana.

Umefanikiwa ukiona: unapokagua anwani ndani ya Search Console, kanoniki uliyoitaja wewe na ile iliyochaguliwa na Google ni moja.

## Hatua ya 4: Chagua kurasa tano, nyengine zipumzike

Huwezi kuandika upya ziara zote kwa pamoja. Chagua tano kwa vigezo viwili: zinazokuletea pesa, na ambazo wewe mwenyewe umezifanya kwa miguu yako. Kama hujawahi kufika msitu wa Ngezi, usianze na ukurasa wa Ngezi.

Kurasa zilizobaki zenye maelezo ya faili la Word, ziwekee noindex kwa sasa. Mgeni aliye ndani ya tovuti bado ataziona na kununua, ila haziingii Google. Ziondoe pia kwenye ramani ya tovuti (sitemap), faili linaloiorodheshea Google kurasa zako. Mawakala wengi huogopa hapa, wanahisi wanajipunguza. Lakini ukurasa usio na mbofyo hata mmoja kwa miezi mitatu haukuletei mtu. Kama ukurasa unaleta mibofyo, hata michache, usiuguse kwa noindex. Upandishe kwenye orodha ya kuandikwa.

## Hatua ya 5: Andika kile ambacho faili la Word halina

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo inayorukwa.

Kila tovuti inayouza Changuu inasema jengo la gereza lilijengwa 1893, likatumika kama karantini, na kobe wa kwanza walitoka Shelisheli. Ni kweli yote. Lakini ukisema hilo tu umesema kinachosemwa na wote. Jiulize mgeni anakuuliza nini kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia safari. Haulizi 1893. Anauliza kama atalowa akishuka kwenye boti, kama mama yake mwenye goti bovu ataweza, kama kuna choo, kama mtoto wa miaka minne atapata jaketi la kuokolea linalomtosha.

Kaa na simu, pitia miezi sita, na kila swali liandike kama lilivyoulizwa. Maswali yaliyorudi mara tatu na zaidi yaingie kwenye ukurasa, na majibu yake yatoke kwa nahodha, si kichwani mwako.

Mfano wa Nakupenda. Maelezo ya faili huwa hivi:

> Furahia siku isiyosahaulika kwenye fungu la mchanga mweupe la Nakupenda, lililozungukwa na maji ya buluu. Chakula cha baharini na matunda vitaandaliwa.

Na hivi ndivyo anavyoweza kuandika mtu anayelijua:

> Nakupenda ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa, kwa hiyo saa ya kuondoka tunaipanga kwa maji. Siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa nne za asubuhi na kujaa alasiri. Siku hizo tunaondoka mapema, maana kufika saa nane mchanga umeshaanza kuwa mdogo. Siku za maji mafu tofauti ya kupwa na kujaa si kubwa, na tunaweza kukungoja ule chai kwanza. Tutumie tarehe yako, tutakujibu saa ya kuondoka ya siku hiyo. Hakuna mti: kivuli ni cha turubai tu. Hakuna choo, kwa hiyo tunapitia Changuu kwanza. Kwenye boti utashukia majini, vaa suruali fupi.

Hakuna neno la kusifia hata moja, na bado mgeni anapata hamu ya kwenda. Pia kuna maneno ambayo watu huyaandika Google: saa ya maji, choo, kivuli, watoto. Hukuyapachika. Yamekuja kwa sababu umejibu swali. Tafadhali usiunakili mfano huu. Ukiunakili umerudi ulikotoka. Muulize nahodha wako, boti yake na saa zake ndizo za kuandika.

Kwa kila ziara kuna jambo la namna hii. Pwani ya Paje ina upepo wa kusi na wa kaskazi, na mgeni wa kuogelea anahitaji kujua mwezi wake una upepo gani na maji hupwa umbali gani. Ziara ya viungo ina msimu: anayetaka kuona karafuu zimeanikwa majamvini Pemba aje wakati wa kuchuma, si mwezi wowote. Wakati wa Ramadhani mjini, eleza chakula cha mchana kitapatikana wapi. Haya wewe unayajua tangu utotoni, na ofisi inayouza ziara za dunia nzima kutoka mbali haina wa kuiambia.

Ongeza pia bei kamili na kilichomo ndani yake, mahali mnapokutania kwa jina linaloeleweka, na ni nani hasa anayeendesha boti. Usimfiche mwenye ziara. Sema mnafanya kazi pamoja na kwa nini ulimchagua yeye. Kwenye ukurasa wa kujitambulisha weka namba ya leseni yako ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Mgeni aliyewahi kuonywa kuhusu mapapasi, wale wanaowafuata wageni mitaani kuwauzia ziara bila leseni, huitafuta.

Onyo la saa. Ukitafsiri kwa mgeni, "saa tatu asubuhi" ni 9:00, siyo 3:00. Kwenye tovuti moja iliandikwa 3:00, na familia ya watu wanne ikafika ufukweni alasiri, boti imesharudi. Soma saa zote kwa sauti kabla ya kuchapisha.

Onyo la maoni ya wateja. Usinakili maoni kutoka tovuti nyengine na kuyawekea alama za nyota za data iliyopangwa (structured data), msimbo unaoifanya Google ionyeshe nyota kwenye matokeo. Miongozo ya Google inakataza. Omba maoni kwa wageni wako, hata matatu yanatosha kuanzia.

Umefanikiwa ukiona: ukichukua sentensi yoyote ya ukurasa mpya na kuitafuta kwenye alama za kunukuu, hakuna tovuti nyengine inayotoka.

## Hatua ya 6: Kichwa, maelezo mafupi na picha

Kichwa cha ukurasa kibebe jina la ziara na kitu kimoja chako. "Nakupenda na Changuu: tunaondoka kwa saa ya maji" ni bora kuliko "Ziara Bora Zanzibar". Kila ukurasa na kichwa chake. Maelezo mafupi ya meta, yale yanayoonekana chini ya kichwa kwenye matokeo ya Google, hayakupandishi daraja, lakini ndiyo mara nyingi yanayomfanya mtu abofye wewe na siyo jirani.

Picha piga mwenyewe, hata kwa simu ya kawaida. Picha za faili la Word ziko kwenye tovuti zote. Piga zile zinazojibu maswali: ngazi ya boti, turubai, jaketi za watoto zikiwa zimetundikwa. Zipunguze ukubwa na kuzihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na uandike maelezo mbadala (alt), yanayosema picha inaonyesha nini, kwa maneno ya kawaida. Pima ukurasa kwa PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google. Picha kubwa ya juu ionekane ndani ya sekunde 2.5. Kumbuka wengi wanakufungua wakiwa hotelini, kwenye wifi ya kugawana.

## Hatua ya 7: Lugha

Ukurasa wa Kiingereza na tafsiri yake ya Kiitaliano Google haihesabu kuwa nakala, kwa sababu lugha ni tofauti. Hapa mawakala wa Kiwengwa wana hazina: vijana wa ufukweni wanaozungumza Kiitaliano vizuri. Mkalishe mmoja, mlipe, asome kurasa tano na kuzirekebisha. Tafsiri ya mashine ambayo hakuna aliyeisoma usiichapishe.

Kila lugha iwe na anwani yake, na kurasa ziunganishwe kwa hreflang, alama inayoiambia Google ukurasa ni wa lugha gani: en, it, sw. Kila moja iitaje mwenzake na ijitaje yenyewe, na kanoniki ya ukurasa wa Kiitaliano ibaki ya Kiitaliano. Kuielekeza kwenye Kiingereza ni kuufuta.

## Hatua ya 8: Linki

Kurasa tano zipate linki kutoka ukurasa wa nyumbani na zenyewe kwa zenyewe, kwa maneno yanayoeleweka. "Saa za maji Nakupenda", si "bofya hapa".

Za nje, anza na watu unaofanya nao kazi tayari: nyumba ya wageni inayokuletea wateja, mwenye boti, mgahawa. Waombe wakutaje kwenye tovuti zao. Usinunue linki za mamia kutoka kwa wanaokutumia barua pepe. Na wewe ukiweka linki ya kulipwa kamisheni kwa mwengine, iwekee rel="sponsored", alama inayoiambia Google kwamba linki hiyo ni ya malipo.

Mwenye maelezo mwombe ruhusa ya maandishi kwa sentensi na picha zake unazobakisha. Akichukia anaweza kuiomba Google iondoe ukurasa wako kwenye matokeo kwa haki miliki.

## Hatua ya 9: Omba, ngoja, pima

Kila ukurasa mpya ukague ndani ya Search Console na uombe uwekwe kwenye faharasa. Mara moja inatosha. Kuomba kila siku hakuharakishi. Google inaweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa kurudi.

Usibadilishe chochote kwenye kurasa hizo kwa wiki sita, isipokuwa bei au kosa, vinginevyo hutajua kilichofanya kazi. Kila Jumatatu andika kwenye jedwali maonyesho (mara ngapi ukurasa umetokea kwenye matokeo), mibofyo na maneno yaliyowaleta watu. Linganisha na mwezi kama huo mwaka uliopita ikiwezekana. Search Console inahifadhi miezi 16. Ukilinganisha Aprili ya masika na Agosti utajidanganya.

Mibofyo haitakuwa ya kwanza kuja. Yatatangulia maonyesho ya maneno marefu, yale ambayo hukuyalenga: mtu ameuliza kama Nakupenda kuna choo, au saa ngapi maji yanajaa. Yakianza kuonekana, chukua ziara ya sita kwenye jedwali, uitoe noindex baada ya kuiandika upya, na urudie kuanzia hatua ya tano. Kisha angalia WhatsApp. Mgeni atakapoanza mazungumzo kwa kukutumia tarehe yake na kuuliza saa ya maji ya siku hiyo, ujue ameusoma ukurasa wako mpaka mwisho.